Ardhi ya kijiji, malisho na hifadhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanakijiji wa Tanzania wanauliza kila siku, hasa wafugaji, Wahadzabe na wakulima wadogo wanaoishi jirani na mapori. Majibu yameandikwa kwa lugha ya kawaida, sio ya mahakamani. Soma lile linalokuhusu, halafu msomee na jirani ambaye hana simu.

Ardhi ya Tanzania ni ya nani hasa?

Kisheria ardhi yote ni ya umma na Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hayo yapo kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, zote mbili zilianza kutumika Mei 2001. Ardhi imegawanywa makundi matatu: ardhi ya hifadhi (hifadhi za taifa, mapori ya akiba, misitu ya serikali na kadhalika), ardhi ya kijiji, na inayobaki inaitwa ardhi ya jumla, ambayo nyingi ndo ile ya mijini. Vijiji viko zaidi ya 12,000 nchi nzima, kwa hiyo tukisema ardhi ya kijiji tunazungumzia sehemu kubwa sana ya nchi.

Kama yote iko kwa Rais, basi mimi niliyerithi kwa babu sina kitu?

Unacho, na ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria Na. 5 kifungu cha 18 inasema haki ya kimila ina hadhi sawasawa na ile hati ya mjini. Haihitaji kuwa na karatasi ndo iwepo, karatasi inaithibitisha tu.

Kuna kesi ambayo kila mwanakijiji anapaswa kuijua. Baba na mwanae, akina Lohay Akonaay wa mkoa wa Arusha wa wakati ule, walipoteza mashamba yao wakati wa Operesheni Vijiji, wakaenda mahakamani wakayarudisha mwaka 1987. Baadae mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila kwenye maeneo yale na kuzuia watu wasiende mahakamani kabisa. Wale wazee hawakukaa kimya, wakaipinga hiyo sheria yenyewe, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila ya ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki. Kwa hiyo mtu akikwambia "ya kimila sio haki kamili", mwambie hilo lilishaamuliwa zamani na mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Malisho yetu hayana shamba wala nyumba, je ni ardhi iliyo wazi?

Hapana. Na hapa ndo penye shida yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ilipoeleza ardhi ya jumla ni nini, iliongeza maneno kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe haina maneno hayo. Mfugaji wa Kimasai anaona alalili yake, yani malisho ya akiba, imejaa nyasi mwezi wa tatu, hakuna ng'ombe hata mmoja, yeye anajua anaitunza kwa ajili ya kiangazi na ndama na wagonjwa wa zizi. Ofisa anapita na gari mwezi huohuo wa tatu anaandika: eneo halitumiki. Wote wawili wamesimama palepale na wanaangalia nyasi zilezile. Mmoja anaona akiba, mwenzake anaona pori tupu.

Sio Wamasai peke yao wenye utaratibu huu. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa masika ili mifugo ipate kula kiangazi kikikaza. Shinyanga ilikuwa inageuka jangwa, na mradi wa serikali wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipoacha kuwafundisha watu mambo mageni ukafufua ngitili zao wenyewe, zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani. Kwa hiyo ukisema eneo lililofungwa ni eneo lililoachwa, unawaadhibu wale hasa wanaotunza. Na Wabarabaig wa Hanang wanajua gharama yake, maana mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yaliingia kwenye malisho yao bora, na kesi yao ya kijiji cha Mulbadaw ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1985 walishindwa, moja ya sababu ikiwa ni kwamba hawakuthibitisha kuwa kijiji kiligawiwa ardhi ile.

Kuthibitisha, hilo neno lishike. Malisho yasiyoandikwa popote ni rahisi sana kuchukuliwa kuliko shamba la mahindi la robo ekari, kwa sababu shamba la mahindi linaonekana. Wafugaji wanapoteza ardhi nyingi sio kwa sababu hawana haki, ila kwa sababu haki yao haiko kwenye ramani wala kwenye muhtasari wa mkutano.

Nani mwenye kauli ya mwisho kwenye ardhi ya kijiji, mwenyekiti?

Sio mwenyekiti, sio mtendaji, sio diwani. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema haiwezi kumgawia mtu ardhi wala kutoa haki ya kimila bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wewe, mama yako, kijana aliyemaliza form four juzi, wote.

Sasa hapo kwenye muhtasari wa mkutano ndo watu wanatapeliwa. Mchezo unakuwa hivi: mkutano unaitwa kwa ajili ya chanjo au chakula cha njaa, karatasi ya mahudhurio inapita, watu wanasaini, wasiojua kuandika wanaweka dole gumba. Baada ya miezi unaambiwa mlishakubali kutoa ekari kadhaa na majina yenu haya hapa. Ile karatasi ya mahudhurio ilichomolewa ikabandikwa kwenye muhtasari mwingine. Kwa hiyo kabla hujasaini angalia juu ya karatasi, je pameandikwa tarehe na ajenda? Kama juu ni peupe usisaini, omba iandikwe kwanza mbele yenu. Na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, halafu mtu mmoja aupige picha kwa simu kila ukurasa. Ni kazi ya dakika tano tu, na imeshaokoa maeneo.

Mpango wa matumizi bora ya ardhi ni nini na tuuogope?

Ni mpango unaosema hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa njia ya mifugo, hapa chumvi na maji. Unafanyika chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, wataalamu wa wilaya wanakuja, kamati ya kijiji inachaguliwa, mipaka na majirani inakubaliwa, ramani inachorwa, mkutano mkuu unapitisha, halafu mnatunga sheria ndogo.

Kuuogopa, hapana. Kuuangalia kwa makini, ndio. Mpango mzuri unaanza na wazee na wanawake kuchora chini kwa vijiti na majivu, huku wakitaja kila kisima na kila kilima kwa jina lake. Wanawake wanajua vyanzo vya maji na kuni kuliko sisi wote, vijana wachungaji wanajua njia za mifugo. Mpango mbaya unakuja umeshachorwa ofisini, na mara nyingi utaona malisho yamebanwa kwenye mawe na mbuga imepewa kilimo. Mkiletewa ramani ulizeni kitu kimoja tu: mwezi wa tisa ng'ombe wetu watakuwa wapi kwenye ramani hii? Wakishindwa kuonyesha kwa kidole, huo mpango haujaisha.

Gharama ni kikwazo kweli, wilaya nyingi hazina bajeti, ndo maana vijiji vingi vinasubiri mradi au asasi ije ilipie. Lakini kabla hata ya mpango, hakikisheni kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, bila hicho mengine yote yanayumba.

Hati ya kimila ni ya mtu mmoja tu au hata kikundi kinapata?

Hata kikundi. Na kwa wafugaji na waokotaji hiyo ya kikundi ndo yenye maana zaidi, maana ukigawa malisho vipande vipande kila mtu na chake umeua ufugaji, hakuna ng'ombe anayeishi kwenye ekari kumi za nyika mwaka mzima.

Mfano wa kutazama ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Hawa ni watu wachache, kama elfu moja na kitu, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuchuma matunda, na kwa miaka mingi kila aliyefika pale aliona pori lisilo na mwenyewe. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja kwa eneo lao, zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na asasi ya Ujamaa Community Resource Team. Baada ya hapo wakaingia kwenye biashara ya hewa ukaa na Carbon Tanzania, yani wanalipwa kwa msitu kutokatwa, na vijana wao wenyewe ndo wanaolinda doria. Hawakuacha kuwa Wahadzabe ili wapate hati, hati imetolewa kwa maisha yaleyale waliyokuwa nayo. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko hela.

Utaratibu wenyewe: mnaomba kwa fomu, halmashauri ya kijiji inatakiwa kuamua ndani ya siku 90, eneo linapimwa na majirani wakiwepo, hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji na nyie wenyewe, halafu ofisa ardhi wa wilaya anaweka saini, muhuri na kusajili. Kijiji kiwe na masjala yake ya ardhi, hata chumba kimoja chenye kabati linalofungwa.

Na hati hiyo benki wanaikubali?

Baadhi wanaikubali, wengine wanasuasua. Lakini ya kikundi ya malisho msiiweke rehani kabisa, hilo ni la kuandika kwenye sheria ndogo.

Malisho yetu yanavuka kijiji cha jirani, tufanyeje?

Mnafanya mpango wa pamoja. Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa walikaa wakakubaliana kuunganisha malisho yao, wakaliita eneo OLENGAPA kwa kuchukua herufi za majina ya vijiji vyao, na likapata hati za pamoja na chama cha wafugaji cha kulisimamia, zaidi ya hekta 20,000. Ipo pia Sheria ya Maeneo ya Malisho Na. 13 ya 2010 inayoruhusu kutenga na kulinda malisho, ingawa wilaya nyingi ni kama hawaijui.

Ugumu wake uko kwenye mipaka. Vijiji vinavyogombana mpaka haviwezi kupanga pamoja, kwa hiyo malizeni ule ugomvi wa mpaka kwanza hata kama utachukua mwaka, kalini chini ya mti wazee kwa wazee. Mara nyingi kinachogombewa ni bonde moja dogo tu ambalo wote wanalihitaji, na mkikubali kulitumia wote ugomvi unakwisha.

Mila yetu hairuhusu mwanamke kumiliki ardhi, sheria inasemaje?

Sheria imemaliza: mwanamke ana haki ileile ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza kama mwanaume, na mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ni batili, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wanawake. Mjane akifukuzwa na shemeji zake kwenye boma la mumewe, huo sio utamaduni wa kuheshimiwa, ni uvunjaji wa sheria, na mwenyekiti anayenyamaza naye ana lawama. Jina la mke liandikwe kwenye hati tangu mwanzo, msisubiri msiba.

Rais anaweza kuchukua ardhi ya kijiji?

Anaweza kuihamisha kwenda ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma, lakini kuna ngazi za kupitia. Tangazo linatoka, wanakijiji wanapewa siku 90, mnaelezwa sababu na mna haki ya kusema. Kama eneo ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndo unaokubali au kukataa. Zikizidi hapo Waziri ndo anaamua baada ya kupata mapendekezo ya mkutano mkuu. Na hakuna kuhamisha kabla ya kukubaliana fidia: aina yake, kiasi, namna na lini italipwa.

Fidia sio ya nyumba tu. Kuna thamani ya ardhi na mliyoyaendeleza, kuna posho ya usumbufu, usafiri, makazi na hasara ya faida. Ikichelewa zaidi ya miezi sita inatakiwa iwe na riba. Watu wengi wanasaini fomu ya uthamini ikiwa tupu, jamani msifanye hivyo.

Pori tengefu, pori la akiba na WMA, tofauti ni nini?

Pori la akiba ni la wanyama, huruhusiwi kuishi wala kuchunga. Pori tengefu zamani lilikuwa linaweza kukaa juu ya ardhi ya kijiji, watu wakaendelea kuishi na kuchunga, uwindaji tu ndo ulidhibitiwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ikabadilisha: kuchunga kwenye pori tengefu bila kibali ni kosa, lakini sheria hiyohiyo kifungu cha 16 inamtaka Waziri ahakikishe hakuna ardhi ya kijiji inayoingizwa kwenye pori tengefu. Hiyo sentensi ya pili huwa haisomwi kwenye mikutano.

Mgogoro wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, umetokana na hapohapo. Pori tengefu la zamani lilifunika vijiji vizima, na tangu 1992 kitalu cha uwindaji kina kampuni kutoka Falme za Kiarabu. Juni 2022 serikali ikaweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 zilizokuwa malisho ya kiangazi, kukawa na vurugu, askari polisi mmoja alipoteza maisha na wananchi wakajeruhiwa, na baadae mwaka huohuo eneo likatangazwa pori la akiba la Pololeti. Vijiji vya Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash walikuwa tayari na kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyofunguliwa 2017. Septemba 2022 walishindwa, wakakata rufaa, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikatengua ile hukumu. Miaka yote hiyo ng'ombe anahitaji kula leo. Nani anamfidia mtu aliyekosa malisho wakati kesi inasubiri?

WMA (Wildlife Management Area) ni kitu kingine. Hapo vijiji vyenyewe vinatenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyamapori, vinaunda jumuiya na kugawana mapato ya utalii na uwindaji na serikali. Ardhi inabaki ya kijiji. Ila kabla ya kujiunga someni vizuri sehemu ya kujitoa, maana kuingia ni rahisi kuliko kutoka, na mkataba wa mwekezaji usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu.

Ngorongoro nao wana ardhi ya kijiji?

Ngorongoro ina sheria yake tangu 1959, ilipotengwa na Serengeti na Wamasai waliohamishwa Serengeti wakaambiwa wataishi Ngorongoro pamoja na wanyama. Kuanzia 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari, wakati waliobaki wanalalamika kwamba huduma kama afya zilipunguzwa ili wachoke waondoke. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji na kata za huko, watu wakajaa barabarani kwa maelfu, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Desemba mwaka huo Rais alikutana na viongozi wa Wamasai akaahidi kuunda tume mbili. Maoni yangu ni kwamba ukiifuta kata kwenye karatasi umefuta pia kura, shule na zahanati ya mtu, kwa hiyo ile sio ishu ya wanyama tu.

Msitu wa kijiji tunaweza kuuza mbao na mkaa?

Ndio, kama umetengwa kisheria chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na una mpango wa usimamizi. Mapato yanabaki kijijini. Vijiji vya Kilwa vimeuza mpingo kwa utaratibu huu na vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, na Kilosa kuna vijiji vimejenga madarasa kwa mkaa unaovunwa kwa zamu, kipande kwa kipande, kisiki kinaachwa kichipue. Bila mpango huo, mkaa ule ule ni magendo na pikipiki yako itakamatwa.

Kuna dhahabu chini ya shamba langu, ni yangu?

Madini ni ya taifa. Ardhi ya juu ni yako, kwa hiyo mwenye leseni hawezi kuvamia tu shamba na nyumba yako, lazima mzungumze na akulipe fidia. Leseni ndogo za uchimbaji ni za Watanzania, kwa hiyo hata wewe unaweza kuiwahi.

Mgeni anaweza kununua ardhi kijijini?

Hapana. Asiye raia anapata ardhi kwa uwekezaji tu, kupitia utaratibu wa serikali, sio kwa kumlipa mwenyekiti chini ya mwembe.

Tukiwa na mgogoro tuanzie wapi?

Baraza la ardhi la kijiji, linasuluhisha tu. Halafu baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 nalo halitoi hukumu tena, linasuluhisha. Mkishindwana ndo mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Rufani. Baraza la wilaya litauliza karatasi ya kata, msiiache. Na kesi dhidi ya serikali ina notisi ya siku 90 kwanza, kwa hiyo tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria mapema, sio siku tingatinga limeshafika.

Tumesikia wapimaji wanakuja wiki ijayo kuweka vigingi, tufanye nini leo?

Msing'oe kigingi, hiyo itawageuza nyie kuwa watuhumiwa na hoja yenu itasahaulika. Leo hii mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa dharura, ajenda moja tu. Tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya mpango na mihtasari ya zamani, pigeni picha vyote na tumeni kwa watu wanaoishi nje ya kijiji ili nakala isipotee. Wapimaji wakifika wapokeeni kwa heshima, ombeni barua yao na namba ya Tangazo la Serikali, andikeni majina na vyeo vyao. Tembeeni nao, wazee wawili na mama mmoja na kijana mwenye simu yenye GPS, na kila kigingi kinapowekwa chukueni pointi yake na picha. Wakisema hawana barua, andikeni hivyo hivyo kwenye muhtasari, tarehe na saa, halafu mpelekee mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya barua ya pingamizi na igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.